Rangi ya Milia na Nusu ya Pili

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Noreen, hapa Sowerthwaite, pale barabara inayotoka mtoni inapopinda kupanda mlima. Kila anayepanda lazima asimame kupumua, na hapo ndipo tunapomkamata. Asubuhi Noreen huweka birika kubwa la chai dirishani, na likiisha ndio basi, analiosha na kulifunika mpaka kesho. Wenyeji wa benchi ni watatu. Yupo Kipenga, jina lake la kanisani Trevor Haigh, aliyechezesha mechi za Jumapili kwenye matope mpaka magoti yakamstaafisha. Hata leo ukimkatiza anapeleka mkono mfukoni kutafuta kadi. Yupo Mama Mawingu, yaani Glenys Pickersgill, ambaye haamini kwamba kuna jambo hutokea lenyewe, hata mvua. Na mimi ni Bahasha, niliyepeleka barua katika mji huu miaka yote ya kazi yangu, nikastaafu na miguu mizuri na ulimi usiostaafu. Wa nne huja saa nne kamili na huondoka akimaliza kikombe kimoja: Malcolm Sugden, seremala wa milango na madirisha. Tunamwita Randa, kwa kuwa akianza kulalamika anakwangua tu, kwenda na kurudi. Alhamisi ile alikuja saa tatu, na hakukaa.

— Kimefungwa! Jamani, chuo kimefungwa! Mnyororo mlangoni na kufuli kama kichwa cha mtoto.

— Chuo gani? nikamuuliza.

— Cha Macy, bwana! Kwani mimi nina chuo kingine ninachokijua?

— Kaa chini kwanza, akasema Mama Mawingu. Unatuzibia jua.

— Jua liko wapi?

— Litakuja. Kaa.

Akakaa. Noreen akampitishia kikombe dirishani bila kuulizwa, sukari tatu.

Macy Oldroyd ni mwanagenzi wake. Alimtoa duka kubwa la kule chini, alikokuwa akipanga makopo ya maharage, akampa patasi. Sisi tulicheka wakati ule. Sasa hatucheki, maana binti yule ana mkono. Mlango wa nyuma wa Mama Mawingu ulikuwa ukigoma kila ikinyesha, na hapa kwetu kunyesha ndiyo hali ya kawaida. Macy aliushika asubuhi moja tu, na tangu hapo unafunguka kwa kidole. Siku nne za wiki yuko karakana na Randa, ya tano huenda chuo. Bila chuo hakuna uanagenzi, na bila uanagenzi ni kurudi kwenye maharage.

— Sasa tatizo hasa ni nini? akauliza Kipenga. Mpe maneno refa aamue.

— Tatizo ni nusu ya pili!

— Ya mechi?

— Ya pesa, Trevor! Serikali inasema ukichukua kijana ukamfunza kazi, wewe mwajiri unapozwa kidogo. Wanaita motisha. Nusu ya kwanza unapata mapema, nusu ya pili akitimiza mwaka. Ya kwanza niliiona kwa macho haya, ikaingia kwenye msumeno wa meza. Ya pili ilikuwa ipitie chuo, chuo kinipe mimi. Haya, jana nimekwenda kuuliza itatoka lini, nakuta mnyororo. Chuo hakipo. Nusu yangu nimdai nani, kufuli?

— Na Macy?

— Macy ndiyo hivyo. Kazi za madirisha zimelala tangu kiangazi. Ile nusu nilikuwa naihesabu ndiyo ya kututoa mpaka Krismasi. Isipokuja, kesho Ijumaa itabidi nimwambie.

— Umwambie nini?

Randa akapuliza chai yake ambayo tayari ilikuwa ya uvuguvugu.

— Unajua nimwambie nini.

 Kipenga akaingilia, mkono mfukoni.

— Sikilizeni. Hili ni jambo la kanuni tu. Mechi imevunjika katikati, taa zimezimika, mashabiki wameingia uwanjani. Je, nani kapata pointi? Timu iliyobaki uwanjani! Chuo kimekimbia, Randa yuko. Randa apewe zote, na mkuu wa chuo nyekundu.

— Nyekundu utamwonyesha nani na mwenyewe hayupo? nikamuuliza.

— Nitamtumia.

— Utamtumia wapi? Mama Mawingu akaweka kikombe chini, na akiweka kikombe chini ujue tumekwisha. Ninyi wanaume mnaona mnyororo mnadhani ni mnyororo. Mimi niliona viti.

— Viti gani?

— Vya chuo! Vilibebwa kwenye lori, vimefunikwa turubai. Nikajisemea, Glenys, watu wema hawafuniki viti. Yule mkuu wa chuo yuko kisiwani Tenerife sasa hivi, anaota jua juu ya kiti cha darasani.

— Aende Tenerife na kiti cha plastiki? Kule viti havipo? akauliza Kipenga.

— Ndiyo ujiulize kwa nini kakichukua!

Hapo mimi nikaona nafasi yangu. Nasema kweli, katika mambo ya vitu kutofika mimi ni mtaalamu.

— Pesa haijaibiwa, nikasema. Imefika. Serikali haijui kwamba chuo kimefungwa, serikali haijui kitu chochote mpaka baada ya miaka. Kwa hiyo wametuma kama kawaida, na mtu wa posta kaisukuma kwenye tundu la mlango kama kawaida. Iko pale ndani, kwenye mkeka, nyuma ya mnyororo. Tunachohitaji ni fimbo ya ufagio na chingamu iliyotafunwa vizuri, ya kuinasia.

— Siku hizi pesa haiji kwa posta, Bahasha, akasema Randa. Inaingia benki.

— Hayo ndiyo waliyotuambia ili watustaafishe.

— Mtatafuna nyingi kiasi gani? akauliza Kipenga, na naona alikuwa ameshaanza kupenda. Mimi nina meno ya bandia, ila ya juu tu.

— Acheni upuuzi, akasema Mama Mawingu, na mimi nilijua kwamba hakuna upuuzi unaoachwa, unabadilishwa tu. Jambo ni kubwa kuliko mkeka. Jiulizeni, kwa nini chuo cha useremala? Kwa nini kisifungwe kile cha kutengeneza nywele? Nitawaambia. Wakifunga vyuo vya useremala hakutakuwa na vijana wa kutengeneza milango. Baada ya miaka kumi, milango yote ya nchi hii itakuwa imepinda. Mlango ukipinda, joto linatoka. Joto likitoka, unawasha gesi zaidi. Sasa niambieni, nani anauza gesi?

Tukamtazama sote.

— Mimi nimemaliza, akasema, akakinyanyua kikombe.

— Kwa hiyo watu wa gesi ndio wamekula nusu yangu? akauliza Randa, na nakuapia hakuwa anatania tena. Mtu akiwa na hofu hushika hata fimbo ya ufagio.

— Wamekula, na viti juu.

Noreen akatoa kichwa dirishani. Yeye husikiliza yote huku akipanga pai za nyama, na kwa kawaida hatii neno, anasema inatosha kutupa chai ya bure.

— Na Macy mwenyewe anasemaje?

— Anasemaje nini?

— Kuhusu chuo chake kufungwa. Si yeye anayekwenda pale kila wiki? Au kaukuta mnyororo akanyamaza?

Randa akajikuna shingo. Akaitazama barabara ya juu, akaitazama ya chini.

— Hakunyamaza, akasema. Aliniambia wiki iliyopita.

— Wiki iliyopita! Na wewe umegundua jana?

— Aliniambia. Nikacheka.

Hapa lazima nieleze jambo, ingawa mtu yeyote aliyewahi kushika kazi ya mikono huku kwetu analijua. Mwanagenzi mpya hutumwa kitu kisichokuwepo. Mwashi hutumwa ndoo ya mvuke, mfua vyuma hutumwa nyundo ya kioo, na mimi siku yangu ya kwanza posta nilitumwa kuomba gundi ya stempu zinazokwenda Australia, kwa kuwa safari ni ndefu. Unakwenda, unayemuuliza anashika uso wake usicheke, anakutuma mbele zaidi, na ukirudi mikono mitupu watu wanacheka, unapewa chai, umekuwa mwenzao. Macy naye alitumwa na Randa kwenye hadiwea ya Ibbotson akanunue kopo la rangi ya milia. Ibbotson akamwambia imekwisha, ajaribu kwa Noreen. Noreen akamleta kwetu. Kipenga akamuuliza kama anataka milia ya kulala au ya kusimama, Mama Mawingu akasema ya kusimama haikauki kukiwa na unyevu, na mimi nikamwelekeza kwa mchungaji, kule juu kabisa. Alirudi karakana jioni, viatu vimelowa. Hakulia wala hakukasirika. Alisema tu, “Sawa. Siku yangu itakuja.” Tangu hapo mji mzima unamngojea.

— Sasa aliposema chuo kimefungwa, akaendelea Randa, nikajua ndiyo hiyo siku yake. Nikamwambia, kimefungwa na nani, na mtu wa rangi ya milia? Akasema, kweli mzee. Nikacheka zaidi. Alikuwa na uso mkavu kweli, nikamsifu.

— Ulimsifu, akasema Noreen.

— Na juzi akapiga simu mwanamke, anajiita mtu wa chuo cha Halifax. Anasema wamekubali kumpokea mwanagenzi wangu, ila lazima wanisikie mimi mwajiri mwenyewe, kabla ya saa sita mchana Alhamisi. Sauti nzuri, ya mtu aliyesoma. Nikajua kamtuma shangazi yake.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia nitakuja nikishapata milia ya kusimama. Nikakata.

Kipenga alianza kucheka, akacheka peke yake, halafu akaacha. Saa ya kanisani ilikuwa inakwenda saa tano.

— Leo ni siku gani? akauliza Mama Mawingu taratibu. Yeye anajua siku zote, hata za uchaguzi.

Hapo hapo Macy mwenyewe akaonekana anapanda mlima. Alikuja mbio, vumbi la mbao kwenye nywele, funguo mkononi, akasimama mbele ya benchi kupumua kama kila mtu. Safari hii hatukumkamata sisi.

— Mzee Sugden, habari za asubuhi. Mama Glenys. Bwana Haigh. Mzee Bahasha. Nina swali moja, nawaulizeni wote, maana wote mlinipeleka mpaka kwa mchungaji.

— Uliza, mwanangu, akasema Mama Mawingu.

— Mimi nikiwa na jambo la kweli, niliseme vipi hapa mpaka liaminiwe?

 Kipenga alitoa mkono mfukoni mtupu. Mama Mawingu aliangalia mawingu. Mimi nilikumbuka vile viatu vyake vilivyolowa, nikaona haya, haya ya kweli, ya masikioni.

— Nimesema kweli, nikachekwa, akaendelea Macy, na sauti ilianza kumpanda. Nimesema na uso mkavu, nikasifiwa. Nimetafuta chuo mwenyewe, nimekwenda Halifax kwa basi mara mbili, nimemwomba yule mama apige simu, mzee kamwambia habari za milia. Saa sita wanafunga majina. Mimi sitaki kurudi kwenye maharage. Nataka kutengeneza milango. Sasa niseme vipi?

Randa aliweka kikombe chini, kingali na chai. Sijawahi kumwona akiacha chai.

— Funguo za gari ziko wapi?

— Zimo garini. Gari nimeliacha linanguruma, pale chini.

— Na hizo ulizoshika?

— Hizi ni za karakana, mzee, nimefunga milango! Twende!

Wakashuka mbio, Randa na tumbo lake mbele, Macy akimvuta mkono wa koti. Tukasikia gari likikohoa, likaondoka na harufu yake. Noreen akalitikisa birika, likatoa matone mawili. Akalirudisha ndani.

Kwa desturi tungeondoka. Hatukuondoka. Tulikaa na vikombe vitupu kama watu wanaosubiri hospitalini.

— Na kama ndiyo yenyewe? akanong'ona Kipenga. Kama ndiyo siku yake, na huko Halifax hakuna kitu?

— Trevor, akasema Mama Mawingu, ukisema tena hivyo nakupiga na mkoba. Kuanzia leo, binti yule akisema samaki wanapanda miti, mimi natafuta ngazi.

— Tukubaliane hivyo, nikasema.

Tukakubaliana, tukapeana mikono, kitu ambacho hatujafanya tangu Kipenga alipofunga ndoa ya pili.

Saa sita ilipita. Kisha simu ya Noreen ikalia ndani. Alisikiliza, akaniletea mimi dirishani.

— Macy anakutaka.

— Mzee Bahasha! Wamenikubali! Naanza Jumatatu!

Nilipiga kelele, Mama Mawingu akapiga kelele, Kipenga akapuliza kipenga chenyewe, ambacho kumbe bado hutembea nacho.

— Ila kuna kitu kimoja, akasema Macy, na sauti ikashuka. Lazima niende na vifaa vyangu, na nimepungukiwa na kimoja. Tunarudi sasa hivi, lakini Ibbotson anafunga duka kwenda kula mchana. Naomba mnichukulie pimamaji, ile ya kupimia usawa, ya mkono wa kushoto.

— Ya mkono wa kushoto?

— Mimi natumia kushoto, mzee.

Ni kweli anatumia kushoto, nimemwona akipaka siagi. Niliwageukia wenzangu, nikawaambia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza neno. Tuliupanda ule mlima, watu watatu na magoti mawili mazima baina yetu. Mama Mawingu alikuwa mbele, akituhimiza kwamba wasije wakamfungia mlango tena. Tulifika kwa Ibbotson tumekuwa wekundu kama nyama ya buchani. Alikuwa anageuza kibao cha mlangoni. Nikaweka mguu.

— Pimamaji! nikasema. Ya mkono wa kushoto! Ni ya Macy, haraka!

Ibbotson alinitazama. Akamtazama Kipenga, akamtazama Mama Mawingu. Uso wake haukucheza hata unywele.

— Imekwisha, akasema. Jaribuni kwa Noreen.

Nilikuwa nimeshageuka kushuka mlima. Naapa, hatua kama kumi nilizishuka, ndipo miguu ikaelewa kabla ya kichwa: pimamaji haina kushoto wala kulia. Nyuma yangu Mama Mawingu alikuwa ameegemea mlango wa Ibbotson, machozi yanamtoka kwa kicheko, na Kipenga alikuwa anauliza kuna nini, kuna nini.

Tuliporudi, gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi. Birika lilikuwa dirishani, limejaa mchana kweupe, jambo ambalo Noreen hajalifanya hata siku ya harusi ya mwanawe. Macy alikuwa amekaa mahali pangu.

— Mmepata? akauliza. Uso mkavu kabisa.

— Siku yako imekuja, nikamwambia.

— Imekuja, mzee. Akanisogezea nafasi, akanimiminia chai kwa mkono wake wa kushoto.

— Lakini Halifax ni kweli? Kipenga akamshika Randa bega. Niambie mbele ya mashahidi.

— Ni kweli. Nimekaa na yule mama mwenyewe. Nimemwomba radhi ya milia. Chuo kizuri, kina mashine ambazo mimi mwenyewe ningependa kuzigusa.

— Na nusu ya pili? akauliza Kipenga. Wao ndio watakupa, au serikali, au watu wa gesi?

 Randa akamtazama Macy, akatutazama sisi.

— Nimesahau kuuliza.

Asubuhi yote alikuwa na wimbo mmoja tu, na alipofika kwenye mlango wa kuulizia, kamsemea binti na kurudi. Mama Mawingu alimpigapiga mgongoni, polepole.

— Mimi niliuliza, akasema Macy. Wanasema inamfuata mwanagenzi. Nikiendelea kusoma, mwaka ukitimia, itakuja kwako kupitia kwao.

— Kwa hiyo nusu yangu ni wewe?

— Ni mimi.

— Na kesho Ijumaa... akaanza Randa, akajirekebisha. Kesho Ijumaa njoo saa mbili. Tuna mlango wa kanisa wa kupaka.

— Rangi gani, mzee?

Randa alifikiri kidogo kabla ya kujibu, akiwa mwangalifu sana.

— Kijani, mwanangu. Moja tu. Nitainunua mwenyewe.